Leseni ya Elfu Mia Nane na Hamsini

Machi 11, Jumatatu

Mvua ya kwanza imeanza leo saa kumi jioni, na kama kawaida yake imeanzia jikoni kwetu. Tone la kwanza liligonga mfuniko wa sufuria, la pili likanipata mimi shingoni. Nimeisogeza ndoo ya bluu mahali pake pa kila mwaka. Mume wangu ni fundi wa friji, anasifika mtaa mzima, lakini bati la jikoni kwake linavuja msimu wa tatu huu. Ukimwambia anasema, "Nitalipanda Jumapili." Jumapili ipi, hasemi. Mganga hajigangi.

Nimelitoa daftari hili kabatini kwa sababu moja: mwaka huu nafanya mitihani ya bodi, napata leseni ya uhasibu, na yaishe. Nina miaka thelathini na nane. Miaka kumi na miwili ni karani wa hesabu kwenye ghala la rangi, nafanya kazi ya mhasibu, nalipwa ya karani. Mara ya kwanza niliahirisha pale binti yetu alipokwenda bweni na ada ikawa ada kweli. Mara ya pili niliahirisha pale mama mkwe wangu, ambaye sote humu ndani tunamwita Mama, alipolazwa. Nikiahirisha mara ya tatu najijua, sirudi tena. Nitazeeka nikiwaambia watu, "Na mimi nilitaka."

Kwa hiyo: kurasa za mbele hesabu, za nyuma maneno.

Machi 12

Mvua. Ndoo nusu.

Machi 14

Bajeti imekamilika, na mwandishi wake ana homa.

Kujiandikisha na bodi, elfu sitini. Mitihani minne, kila mmoja sabini na tano, jumla mia tatu. Kozi ya mapitio mia mbili na arobaini, hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikanywa maji. Vitabu tisini, maana sheria za kodi hubadilika kila mwaka na vya zamani havifai hata kuazimwa. Kikokotoo cha aina wanayoiruhusu, ishirini na tano. Nilicho nacho kinaimba ukikibonyeza, sasa nani ataingia nacho chumba cha mtihani? Picha, na wakili wa kugonga mhuri kwenye nakala za vyeti, ishirini. Kituo cha mtihani kiko mji mwingine, hivyo nauli na chumba cha kulala siku nne, themanini na tano. Dharura thelathini. Jumla mia nane na hamsini.

Upande wa pili: akiba yangu mia tatu na kumi. Mshahara nitabana themanini kila mwezi kwa miezi mitatu, mia mbili na arobaini. Nimefika mia tano na hamsini. Inabaki mia tatu, na mia tatu haidondoki yenyewe kama matone ya jikoni.

Machi 17, Jumapili

Bati halikupandwa.

Lakini mume wangu alinikuta mezani nimeshika tama. "Waziri wa Fedha, umekwama wapi?" Nikamwonyesha. Akajikuna kichwa, akaenda kumpelekea Mama dawa yake, akakawia huko. Aliporudi alisema, "Andika mia na hamsini. Za mume. Zitafika kabla Aprili haijaisha."

Nimeziandika kwa wino. Nimefurahi hadi nikasahau kumsema kuhusu bati.

Machi 20

Jamani! Leo Mama ameniita chumbani kwake, akafunga mlango kama tunakwenda kuiba.

"Mwanangu, na mimi jina langu liwemo kwenye lile daftari. Mia na hamsini."

"Mama, umezitoa wapi?"

"Mtu mzima haulizwi." Akacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, kama anavyofanya tangu meno ya mbele yamtoke. Daktari wa meno alishampima tangu mwaka jana, na Mama anasema anasubiri kuitwa. Watu wengine wana subira.

Mume 150, Mama 150. Mia nane na hamsini imetimia. Sina deni wala wasiwasi. Nalala saa tatu.

Machi 22

Karatasi iliyobaki ni fomu ya uzoefu wa kazi, ambayo lazima isainiwe na mwenye leseni anayeijua kazi yangu. Nimempelekea mkuu wetu wa hesabu. Jina lake ofisini ni Nukta, kwa sababu nukta moja ikipotea kwenye hesabu zako hapandi basi la kurudi nyumbani mpaka ipatikane. Ana rula ya chuma na kalamu nyekundu. Kila safu ya namba tunaijumlisha kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, yeye akiwa amesimama nyuma yako: "Shuka nayo. Haya, panda nayo." Wenye kikokotoo na wasio nacho, wote tunashuka na kupanda.

Aliitazama fomu, akasema, "Weka hapo."

Machi 26

Fomu iko chini ya kikombe chake.

Machi 29

Mshahara. Themanini nimezitenga kabla mkono mwingine haujaziona. Saa za ziada zimefutwa, kwani mvua ikinyesha hakuna anayepaka ukuta, na ghala limejaa makopo hadi ngazini.

Aprili 2

Fomu imepata duara la chai. Nilimkumbusha kwa heshima. Akasema, "Mambo mazuri hayataki haraka." Nikamjibu moyoni, midomo nikaifunga.

Aprili 5

Duara la pili. Huyu mzee ana kijicho, hakuna neno lingine. Anajua nikipata leseni tutakuwa sawa, na nukta zake ataenda kuzitafutia kwingine.

Aprili 8

Ndoo imejaa usiku, tumeimwaga mara mbili.

Aprili 12, Ijumaa

Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi, na mwandiko wangu ndio fahari yangu.

Mchana niliisahau nakala ya bajeti kwenye meza ya ofisini, nikarudi nikamkuta Nukta ameinama juu yake na rula. "Hii ni ya nyumbani, mzee," nikasema. Hakunisikia, au alijifanya. Alishuka, akapanda, akafika kwenye michango akasimama. Akazungushia duara jekundu zile mia na hamsini mbili.

"Namba mbili zinazofanana, zimepishana siku tatu, nyumba moja," akasema. "Hizi ni pesa mbili, au ni pesa moja imevaa kofia mbili?"

"Moja ya mume wangu, moja ya mama mkwe."

"Umeona risiti?"

"Hii ni familia. Haina risiti."

"Ndiyo maana nauliza."

Nilitamani kumwagia lile kopo la rangi ya kijani ambalo halinunuliwi na mtu. Fomu yangu ameilalia wiki tatu, halafu anapata muda wa kukagua ukoo wangu!

Aprili 13, Jumamosi

Niandike polepole, maana ni mambo ya kuandika polepole.

Baada ya chakula cha jioni mume wangu ameniletea mia na hamsini. Amezishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyeshika yai, zimefungwa kwenye kitambaa chenye maua ya zambarau. Kitambaa hicho nimekifua mimi mwenyewe mara mia. Ni cha Mama.

Nikasema labda ameazima kitambaa. Nikazihesabu, zimetimia, nikamshukuru. Kisha nikamgeukia Mama, aliyekuwa anamenya viazi vya kesho. "Na wewe Mama, mchango wako tuutegemee lini?"

Mama akaelekeza kisu kwenye kitambaa. "Si huo hapo."

Tone, ndoo. Tone, ndoo.

"Huu si wa mume wangu?"

"Wake wa wapi! Ni wangu. Nilimpa akupe kama wake, nilijua wangu utaukataa." Akamenya kidogo. "Halafu siku tatu namwona anavyotembea humu ndani kifua mbele, anaitwa mume bora. Nikasema, aa, sifa zote ziende kwake? Ndiyo nikakwambia na mimi nimo."

"Mama! Mimi nimeandika mara mbili!"

"Sasa hilo ni kosa langu? Mimi nimesoma uhasibu?"

Nikamtazama mume wangu. Anaangalia bati. Maskini, akatoa yote: wateja wawili hawajamlipa tangu Januari, hakuwa na hata kumi, na aliona aibu kuniambia hana. Mama alipompa aliona Mungu amemsitiri.

"Na wewe Mama ulizitoa wapi?" Nilijua kabla hajajibu. Daktari wa meno hakuwa anamwita mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa anamsubiri Mama na pesa zake. Miaka miwili amekusanya, noti moja moja, kwenye kopo la maziwa ya unga.

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu miaka kumi na miwili nawasahihisha watu, kosa la kwanza wanalofundisha darasani ni kuingiza mapato yaleyale mara mbili, na mimi nimelifanya kwa wino, kwenye bajeti ya leseni ya uhasibu! Halafu kicheko kikageuka, nikalia. Nilimrudishia Mama kitambaa chake. Akakisukuma kwa mgongo wa kisu.

"Mama, meno yako."

"Mkate mimi naulowanisha kwenye chai," akasema. "Hiyo leseni yako utailowanisha kwenye nini?"

Aprili 14, Jumapili

Pengo la mia na hamsini. Nimeshuka nalo, nimepanda nalo, liko palepale. Nikilipa ada bila kozi wala vitabu nimetupa pesa, maana ada hairudishwi. Nisipolipa ifikapo tarehe thelathini, mwaka umekwenda, na safari hii umekwenda na meno ya mtu ndani yake.

Mume wangu ameosha vyombo vyote bila kuambiwa.

Aprili 15, Jumatatu

Mimi ni mtu mwenye mdomo, na leo mdomo umenifikisha mahali.

Niliingia kwa Nukta bila kubisha hodi. "Ulikuwa sahihi. Ni pesa moja, kofia mbili. Umefurahi? Sasa nirudishie fomu yangu, kwa sababu hata pesa ningekuwa nazo, wewe saini yako ni ghali kuliko bodi."

Aliinuka, nikadhani ananifukuza. Akafunga mlango. Akaketi, akaondoa kikombe juu ya fomu.

"Siwezi kuisaini," akasema. "Sina leseni."

Niliketi bila kukaribishwa.

Akanieleza huku amekamata rula yake. Somo la kodi lilimwangusha mara tatu, ya mwisho miaka kumi na moja iliyopita. Mengine yote alishafaulu. Mwenye ghala alimwajiri kwa uzoefu, cheti hakuulizwa. "Siku ya kwanza mlinzi getini aliniita mhasibu. Nikasema nitamrekebisha kesho. Kila asubuhi naikuta fomu yako pale, naweka kikombe juu nisiione."

Nimemchukia wiki tatu mtu aliyekuwa anaona haya. Mficha uchi hazai, wanasema, na mzee huyu ameuficha miaka kumi na moja kwa kutafuta nukta za wengine. Nilimwonea huruma, na niliona aibu mwenyewe, maana kijicho nilimpaka mimi.

"Mkaguzi anakuja wiki ijayo," akaendelea. "Amekagua vitabu vyako miaka sita na ana leseni. Fomu inaruhusu. Nitamwomba mimi, na nitamwambia kwa nini sisaini mwenyewe." Akaisogeza rula pembeni. "Hiyo kozi, bei yake ikoje?"

"Mia mbili na arobaini."

"Kwa watu wawili?"

Nikatoa kipeperushi mkobani. Kwa maandishi madogo chini, ambayo mtu wa peke yake hana haja ya kuyasoma: wawili wanaojiandikisha pamoja, mia tatu.

"Mzee, una miaka hamsini na tatu!"

"Kwani imeandikwa wapi umri? Nisomee."

Haikuandikwa popote.

Aprili 16

Kozi, nusu ya mia tatu, mia na hamsini. Vitabu tunanunua seti moja kwa wawili, kila mmoja arobaini na tano. Nimepunguza mia na thelathini na tano. Kumi na tano iliyobaki nimeikata kwenye dharura, nayo imebaki kumi na tano. Jamani asiugue mtu. Jumla mpya mia saba. Nilicho nacho: mia tano na hamsini, na mia na hamsini ya Mama, iliyoandikwa mara moja.

Nukta alisimama nyuma yangu. "Shuka nayo." Nikashuka. "Panda nayo." Nikapanda kwa furaha.

Aprili 23

Mkaguzi amesaini. Ni mama mmoja mfupi mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Aliuliza, "Ndiyo huyu anayeandika saba zenye mkia?" Kisha akasema, "Mimi siku zote nilidhani una leseni." Nukta alikuwa pembeni, akamweleza ya kwake kwa sauti ndogo lakini yote. Mkaguzi akavua miwani mmoja tu, akasema, "Basi faulu."

Aprili 29

Nimelipa. Mvua imeninyeshea njia nzima, stakabadhi nimeiweka kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Mama ameishika, ameigeuza nyuma na mbele, akasema ni ndogo sana kwa bei yake.

Mei 4, Jumamosi

Tunasomea kwenye meza yetu ya jikoni, kwa vile seti ya vitabu ni moja. Nukta amekuja na rula yake na mkate mkubwa. Mume wangu anamwita "mwanafunzi".

Mei 11

Ukaguzi wa hesabu ananifundisha yeye, na anafundisha vizuri kuliko kozi. Kodi namfundisha mimi. Likifika swali la kodi anatoka jasho, analijua jibu halafu analikimbia. Mama anatusomea maswali kutoka kitabuni, haelewi hata moja, lakini mtu akichelewa kujibu anagonga meza. "Wewe mhasibu, usilale!" Nilimwona Nukta akitabasamu alipoitwa hivyo. Safari hii hakuwa na kikombe cha kufunikia.

Mei 13

Mvua kubwa. Sura mbili za kodi zimelowa, zinasomeka kwa shida.

Mei 19, Jumapili

Niandike kwa herufi kubwa: AMEPANDA.

Mvua ya Jumatatu ilitoboa pembe ya bati, maji yakamwagikia kitabu cha kodi cha watu wawili. Mume wangu alikiinua, akakikung'uta. Leo asubuhi nasikia nyundo juu. Bati hakununua. Ameukata mlango wa friji bovu la mteja mmoja asiyelipa, akaunyoosha, akaubandika pale juu kwa misumari na lami. Alishuka mweusi hadi masikioni.

"Mia na hamsini sikuwa nazo," akasema, "mlango wa friji nilikuwa nao."

Nimempa sabuni na nimempa maneno mazuri, vyote anavistahili.

Mei 20

Mvua usiku kucha. Ndoo kavu.

Juni 9

Tumefika mji wa mtihani. Chumba ni kidogo, kitanda kinalia ukijigeuza. Nukta yuko ghorofa ya chini, amenitumia ujumbe kuuliza kama nimebeba kalamu ya akiba. Nimebeba nne.

Juni 10

Mtihani wa kwanza salama.

Juni 12

Kodi. Saa nzima ya kwanza sikumwangalia Nukta. Ya pili nikamwibia jicho: ameweka rula mezani, midomo inatembea, anashuka nayo. Nikarudi kwenye karatasi yangu. Wakati wa kutoka alikuwa wa mwisho, na msimamizi alikuwa amemsimamia mkono umenyooshwa. Nje nikamwuliza, "Vipi?" Akasema, "Nimepanda nayo pia." Tukanunua chai, tukainywa.

Juni 13

Wa mwisho. Usiku huu basi la nyumbani. Kumi na tano ya dharura iko nzima, haijaguswa.

Julai 2

Mvua zimekwisha. Ghalani watu wamepanga foleni ya rangi, kila mtu amekumbuka ana ukuta. Hata lile kopo la kijani limenunuliwa.

Julai 19, Ijumaa

Barua zimekuja ofisini, mbili, bahasha za rangi moja. Nukta aliiweka yake mezani akaitafuta rula, sijui aipimie nini. Mimi yangu niliirarua.

Nimefaulu. Yote manne. Nilipiga kelele mpaka wapakiaji wa chini wakadhani makopo yameanguka. Kisha nikaona yeye bado hajafungua, nikanyamaza.

Akafungua. Akasoma kwa kidole. "Hamsini na moja," akasema. Ya kufaulu ni hamsini. Akaisoma tena kutoka chini kwenda juu, ikawa ileile, akatoa leso akajifuta uso wote. Saa kumi na moja jioni nilimsikia getini anamweleza mlinzi jambo refu, na mlinzi anacheka na kumpigia saluti.

Ukurasa wa pili wa barua niliusoma nikiwa nimeshafika nyumbani, mbele ya wote. Mtahiniwa aliyefaulu atalipia leseni yenyewe elfu sabini, ndani ya siku sitini. Sabini! Nilirudi kwenye bajeti yangu, nikaitafuta shuka panda. Haimo. Nilipanga gharama za kufanya mtihani mpaka picha na mhuri, gharama ya kufaulu sikuiandika. Nadhani sikuthubutu.

Tulicheka, mume wangu akajishika mbavu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaweka arobaini mezani, mteja mmoja amelipa. "Hesabu kwa macho yako," akasema. "Hazina kitambaa."

Nikafungua ukurasa mpya. Mstari wa kwanza: Meno ya Mama, 150. Nikaandika pembeni yake 15, ile ya dharura, ndiyo ya kuanzia. Mstari wa pili: Leseni, 70.

Mama akavuta kiti, akainamia daftari. "Leseni kwanza."

"Mshahara wa mwezi huu unaimaliza leseni, Mama. Mwezi ujao ni wako."

Aliliangalia jina lake pale juu muda mrefu. Safari hii alipocheka hakuziba mdomo.

"Haya," akasema. "Lakini mwanangu, niandike mara moja tu."